Karatasi Nyuma ya Mlango, Chumba Namba Nne

Ukifika La Paz, usizipande ngazi zangu kwa pupa.
Ziko ishirini na tisa, nimezihesabu kwa magoti,
na hewa ya huku ni kama mshahara wa mwalimu:
inafika, lakini haitoshi.
Keti kwanza kwenye benchi la bluu.
Binti yangu Yovana atakuletea chai ya majani ya koka.
Kunywa. Si ulevi.
Usimwulize anacheka nini, huwacheka wote.

Mgeni siku mbili;
ya tatu, hapa kwetu,
ndipo mapafu yake huwasili.

Fedha: beba noti ndogo.
Ile ya mia mbili haipokelewi na muuza saltenya wala dereva,
hata padri (nimemwona)
huinua juani akiitilia shaka.
Iliyochanika pembeni itabaki kwako
kama mjomba mlevi, haina pa kwenda.
Sarafu ziweke mfuko wa kushoto.
Choo cha stendi ni cha kulipia,
na mama wa mlangoni atakupimia karatasi
kama anayekata hariri.

Sokoni usishushe bei mpaka mtu aone haya.
Lipa viazi vyako, kisha sema taratibu: yapa, kasera.
Ataongeza kimoja juu.
Hicho kimoja ndicho urafiki,
vingine vyote vilikuwa biashara.
Usimpige picha kabla hujanunua.
Ukishanunua, bado omba.

Barabara ikifungwa, imefungwa.
Walimu, wachimba madini, wenye malori,
kila kundi lina siku yake ya kutandaza mawe.
Usibishane na jiwe.
Shuka, jitwike mzigo wako, tembea;
upande wa pili utakuta basi jingine limekwama likitazama huku,
na madereva wamekwisha kubadilishana abiria.
Basi la usiku la kwenda Uyuni: chukua blanketi.
Kampuni itakwambia ndani kuna joto.
Kampuni ina matumaini.

Kwenye jangwa la chumvi vaa miwani, hata kukiwa na mawingu.
Bwana mmoja wa chumba hiki hiki alikataa.
Alirudi akishikwa mkono, macho mekundu kama pilipili,
akalala gizani siku tatu
nikimsomea karatasi hii kwa sauti.
Ndiye aliyenisahihishia tahajia.

Maji ya moto ni saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi.
Bomba la kuogea lina waya. Usiliguse ukiwa umelowa.
Linatekenya.

Kama umetoka pwani, tafadhali, usituonee huruma.
Bahari tulikuwa nayo, ikaenda na vita
kabla bibi yangu hajazaliwa.
Kila Machi wanafunzi huandamana kwa ajili yake,
na Yovana, ambaye hajawahi kulowa kupita magoti,
hupiga ngoma mstari wa mbele.
Akikuuliza ina sauti gani, mwambie kweli.
Usiseme "ni kubwa tu".
Ukubwa anaujua: kila asubuhi
hupiga mswaki akiutazama mlima Illimani.

Mlango wa nje hufungwa saa tano usiku.
Ukichelewa, gonga dirisha langu, si la Don Hilarión;
yeye atakufungulia, ndiyo,
kisha atakusimulia jeshi lake hadi alfajiri.

Taa ya ngazini usiizime.
Najua kwenu mmefundishwa kubana umeme, nashukuru.
Ila Nemesio wangu alikwenda Calama, kwenye shaba,
akasema atarudi na basi la usiku.
Hakusema la tarehe gani.
Na ngazi, kama nilivyoandika juu, ni ishirini na tisa,
na ya kumi na saba ilivunjika baada ya yeye kuondoka.

Nawe pia iruke.

Saturnina Choquehuanca, mwenye nyumba